Kukopa harusi, kulipa matanga: kuendesha deni la mfadhili wa warloki mezani

#1 Dadu_Nyeusi

Wakuu, uzi huu ni wa wanaocheza michezo ya kuigiza wahusika mezani, hasa meza zenye warloki au mchawi yeyote ambaye nguvu zake si zake. Nitamwita *mfadhili* yule kiumbe anayetoa nguvu, awe ibilisi, jini, malkia wa mizimu au mungu aliyesahaulika. Uchawi mmoja mmoja unaotamkwa nitauita *nuizo*.

Hoja yangu ni kwamba mkataba ni deni, na deni lisiloandikwa halidaiki. Meza nyingi zina upande mmoja tu wa mkataba: alichopewa mhusika, kwa sababu kitabu cha kanuni kimeshauandika. Upande wa pili unabaki kichwani mwa msimamizi, yule anayeendesha mchezo. Vikao vitano vinapita bila mtu kudai kitu. Cha sita msimamizi anakumbuka, anamshusha mfadhili na amri moja nzito: msaliti mwenzako. Mchezaji anakataa, msimamizi anazima nguvu, na kuanzia hapo wanaogombana ni watu wawili wenye dadu mkononi, si mhusika na mfadhili wake.

Kabla ya kikao cha kwanza, msimamizi na mchezaji wakae dakika 20 waandike mistari mitano:

1. Kilichotolewa. Kwa maneno ya hadithi, si ya kanuni. "Sauti inayotii giza", si "nuizo mbili za daraja la kwanza".
2. Malipo. Kitu kinachotendeka mara kwa mara katika matukio ya kawaida.
3. Mwiko. Jambo moja tu ambalo mhusika hafanyi kamwe.
4. Muda. Deni linaisha lini, au kwa idadi gani.
5. Mdai. Nani anakuja malipo yakichelewa, na anakuja kwa sura gani.

Mstari wa pili ndio unaoharibika zaidi. "Roho yako ukifa" ni malipo mabovu: mhusika akiwa hai hakuna kinachobadilika, na akifa mchezaji ameshaanza kuandika mhusika mpya. "Utanitumikia" nayo ni hundi isiyo na kiasi.

Mfano unaofanya kazi. Mfadhili: Bibi wa Kisima Kirefu. Malipo: jina la kweli la kila anayekufa kwa mkono wa mhusika, linong'onwe kwenye maji kabla ya jua kuchomoza. Mwiko: asimnyime mtu maji, hata adui. Muda: majina 49. Mdai: mtoto aliyelowa ambaye hakauki. Tazama kinachotokea. Warloki sasa analazimika kumuuliza jambazi jina kabla ya kumpiga. Anapekua maiti kutafuta barua badala ya dhahabu. Katika jangwa anahangaika kupata bakuli la maji alfajiri. Hakuna hata tukio moja kati ya hayo ambalo msimamizi alilazimika kuliandaa.

#2 Kasha_la_Ramani

Mkuu, uzi mzuri. Swali la haraka kabla hatujaenda mbali: kwa kanuni za Dungeons & Dragons za 2014, mfadhili anaruhusiwa kunyang'anya nguvu au haruhusiwi? Kila meza ina jibu lake.

#3 Nasaba_ya_Kete

Kanuni za 2014 hazina utaratibu wowote wa warloki kupoteza nguvu kwa kumuudhi mfadhili. Wanaodhani upo wamebeba mazoea ya toleo la 3.5 la mchezo huohuo, ambako paladini (shujaa mtakatifu) aliyetenda uovu kwa hiari alipoteza uwezo wote wa fani yake mpaka afanye toba. Warloki hakuwekewa kifungu kama hicho.

Na kuna sababu ya kutokibuni. Shujaa wa upanga hapotezi mkono wake kwa kumtukana mfalme. Ukizima nguvu za warloki unabaki na mtu mwenye dadu ya uhai ya pande 8 na silaha hafifu, anayekaa saa tatu mezani akiangalia wenzake wakicheza. Mfadhili mwenye akili naye hapendi hilo: mtaji wake uko ndani ya huyo mtu. Mkopeshaji akishampofusha mdaiwa, nani atalipa?

Mwache abaki na nguvu zote. Adhabu ipite nje ya ukurasa wa mhusika: mdai anafika kwenye harusi ya dada yake, warloki wa pili anapewa kazi ileile, au jina lake linatajwa mbele ya watu asiotaka walisikie.

#4 Dadu_Nyeusi

Naunga mkono. Sasa chombo cha kuhesabia.

Chora duara, ligawe vipande 6. Hilo ndilo deni. Liwe mbele ya wote mezani, si nyuma ya pazia la msimamizi.

Unajaza kipande 1 kikao kikiisha bila malipo, ilhali nafasi ya kulipa ilikuwepo. Unajaza 2 mwiko ukivunjwa. Unajaza kipande mhusika akiomba zaidi ya alichopewa: kipande 1 ili kurudia rusho moja la d20 (dadu ya pande 20), vipande 2 ili kurudisha nafasi moja ya nuizo (kila nuizo hula nafasi moja, nazo hurudi kwa kupumzika) bila kupumzika. Unafuta 1 kwa kila malipo ya kawaida, 3 kwa kazi maalumu ya mfadhili.

Kipande cha pili kikijaa, ishara: maziwa yanachacha, mbwa wanambwekea. Cha nne, mjumbe anafika na kusema kinachodaiwa. Cha sita, mdai mwenyewe, na jambo linachukuliwa bila kuulizwa. Kisha duara linafutwa lote.

Kosa la kawaida ni kuruka ishara na mjumbe. Bila hivyo viwili mchezaji anahisi ameviziwa, hata kama duara lilikuwa mbele ya macho yake.

#5 Mizani_Kavu

Hapo kwenye nafasi ya nuizo nakupinga kwa hesabu. Nafasi za warloki hupanda zote pamoja (ngazi ni ya mhusika, daraja ni la nuizo): ngazi ya 1 na 2 ni nafasi za daraja la kwanza, ngazi ya 3 daraja la pili, ya 5 daraja la tatu, ya 7 la nne, ya 9 la tano. Vipande 2 kwa nafasi ya daraja la kwanza ni ghali. Vipande 2 kwa nafasi ya daraja la tano ni bure kabisa.

Bei iwe nusu ya daraja, ukipandisha juu. Daraja la 1 na 2: kipande 1. La 3 na 4: vipande 2. La 5: vipande 3. Hapo duara la 6 linaruhusu kukopa mara mbili tu kwenye ngazi ya 9, na la pili ndilo linalomwita mdai.

#6 Dadu_Nyeusi

Sahihi kabisa, mkuu. Chukueni bei za #5, zangu ziacheni.

#7 Binti_Matriki

Nimefurahi hesabu zimeingia, maana tatizo kubwa la warloki kwenye toleo la 5, yaani kanuni hizi za 2014, si mfadhili, ni mapumziko, na hilo linaharibu hata mambo ya deni.

Chukua ngazi ya 5, kanuni za 2014. Warloki ana nafasi 2 za daraja la tatu, zinarudi kwa mapumziko mafupi ya saa moja. Mchawi wa vitabu ana nafasi 4 za daraja la kwanza, 3 la pili, 2 la tatu, jumla 9, na kwa sehemu kubwa anasubiri mapumziko marefu. Siku yenye mapumziko mafupi mawili, warloki ananuiza mara 6 kwa daraja la tatu. Siku isiyo na mapumziko mafupi, mara 2. Meza inayopigana pambano moja kubwa kisha inalala inamfukarisha warloki kila siku. Halafu msimamizi anashangaa kwa nini mchezaji hataki kulipa deni: anadaiwa alichokuwa hajakitumia!

Pima kwanza. Hesabu mapumziko mafupi kwa vikao vitatu. Kama ni pungufu ya moja kwa siku ya mchezo, usianzishe duara la deni mpaka urekebishe hilo. Dawa rahisi ni kufupisha mapumziko mafupi yawe dakika 10 na kuyawekea kikomo cha mawili kwa siku. Kanuni za 2024 zimesaidia kidogo: kuanzia ngazi ya 2 warloki ana tambiko la dakika 1 linalorudisha nusu ya nafasi zake, mara moja kwa kila mapumziko marefu.

Bila nafasi, anabaki na Eldritch Blast, nuizo la kushambulia lisilokula nafasi. Ngazi ya 5, Haiba 18, akiwa na Agonizing Blast (kipawa kinachoongeza Haiba kwenye madhara): miale miwili, kila mmoja d10+4, wastani 9.5. Yote ikipiga ni 19. Akiwa ameshaweka laana ya Hex, kila mwale unaongeza d6, inakuwa 26. Si haba, ila ni kitendo kilekile kila zamu, na mchezaji aliyechoka hajali tena nguvu zinatoka kwa nani.

#8 Kasha_la_Ramani

Na wale wa coffeelock? Warloki aliyechanganya na sosera (mchawi wa kuzaliwa), asiyelala kamwe.

#9 Binti_Matriki

Ujanja unajulikana. Anahitaji angalau ngazi 2 za sosera. Nafasi za warloki anazivunja kuwa pointi, pointi anazigeuza kuwa nafasi za sosera, anapumzika saa moja, anarudia. Nafasi alizotengeneza hufutika anapomaliza mapumziko marefu, ndiyo maana anakwepa kulala. Kitabu cha nyongeza cha 2017 kilitoa kinga: kila saa 24 bila mapumziko marefu, rusho la Ustahimilivu dhidi ya 10, na ugumu unapanda 5 kila siku mfululizo. Ukishindwa, uchovu daraja moja.

Ukiwa na duara la deni hata hiyo huihitaji. Kila mzunguko wa kugeuza ni kukopa zaidi ya ulichopewa, kwa bei ya #5. Mfadhili anaona hazina yake inavuja.

#10 Mganga_wa_Kanuni

Wadau mmekaa sana kwenye mchezo mmoja. Kuna michezo ambayo bei ya kukopa iko ndani ya dadu zenyewe, na ina mengi ya kutufunza.

Dungeon Crawl Classics (2012). Mchawi hana nafasi za kuhesabu, anarusha d20 kila anaponuiza, anaongeza nyongeza ya Akili na ngazi yake. Kumwita mfadhili ni nuizo la daraja la kwanza, linafanikiwa kuanzia 12. Mchawi wa ngazi ya 1 mwenye Akili 16 anaongeza 3, kwa hiyo anahitaji 9 au zaidi kwenye dadu: asilimia 60. Hapo anaweza kujichoma: kila pointi anayoitoa kwenye Nguvu, Wepesi au Ustahimilivu inaongeza 1. Akichoma 5 anahitaji 4 tu, asilimia 85. Pointi zinarudi moja kwa siku, siku ambayo hakujichoma tena. Yaani siku 5 za udhaifu kwa robo ya uhakika zaidi.

Lakini kujichoma hakuondoi 1 ya dadu. Asilimia 5 ipo palepale hata ukichoma 15, na hapo ndipo doa la mfadhili, yaani badiliko analomwachia mchawi, linapoingia. Kila mfadhili aliyeandikwa kikamilifu ana orodha ya madoa 6, na madoa hayo hayafutiki kwa kulala. Wanaoanza mchezo huo hukosea hapa: wanachoma pointi nyingi wakidhani wananunua usalama. Wananunua nafasi ya kufanikiwa na ukubwa wa matokeo tu, si kinga dhidi ya hiyo 1.

Msimamizi anayetaka kutunga mfadhili wake aandike vitu vinne: jedwali la msaada linalopanda kadiri rusho linavyopanda, madoa 6, matokeo ya kujichoma, na nuizo tatu, moja kwa kila daraja la 1 hadi 3. Anza na madoa. Ukijua mfadhili anawageuza watu wake kuwa nini, msaada anaoutoa unajiandika wenyewe.

#11 Nasaba_ya_Kete

Ongeza RuneQuest hapo. Muumini anatoa kafara pointi ya POW, yaani nguvu ya nafsi, na inatoka moja kwa moja kwenye sifa zake. Anachopata ni pointi ya uchawi wa mungu wake, inayorudi kwa ibada za siku takatifu. POW ikishuka, pointi za uchawi wa kawaida zinashuka nayo kwa sababu zinalingana, na kinga yake dhidi ya uchawi wa wengine inapungua. Kwa hiyo unapomkaribia mungu unakuwa dhaifu mbele ya kila mwingine, mpaka POW ipande tena kwa uzoefu.

Waumini wa Humakt, mungu wa kifo na upanga, wana kitu cha ziada: kila kipawa kinakuja na mwiko wake. Hapo mstari wa tatu wa Dadu_Nyeusi umeshathibitishwa na mchezo ulioanza 1978. Mwiko mzuri ni ule unaogongana na maisha ya kawaida mara moja kwa kikao hivi. Mwiko wa kutokula nyama ya nyoka hautagusa mtu kampeni nzima. Mwiko wa kutosema uongo utavunjika kabla ya chakula cha mchana, na kundi zima litamwacha nje ya kila mazungumzo.

#12 Taa_ya_Mlinzi

Kwa wanaocheza Blades in the Dark (2017), kuna mapatano ya shetani: unapewa dadu moja zaidi, na gharama inatokea ufanikiwe usifanikiwe. Mtu yeyote mezani anaweza kuipendekeza. Ni moja ya kanuni bora za kukopa zilizowahi kuandikwa, na inachezwa vibaya mno.

Sababu ni hesabu. Katika mchezo huo unatazama d6 kubwa kuliko zote, 4 na kuendelea ni mafanikio, japo 4 na 5 huja na shida. Dadu moja: asilimia 50. Mbili: 75. Tatu: 87.5. Nne: 93.75. Dadu ileile ya nyongeza ina thamani ya 25 kwa mtu dhaifu na 6 na ushee kwa aliyejitosheleza. Msimamizi anayetoza bei moja kwa wote atakataliwa na wenye ujuzi siku zote, kisha atasema wachezaji wake hawapendi vishawishi. Mkopeshaji humfuata mwenye shida. Mpe mwenye dadu moja bei inayouma, mpe mwenye tatu bei ndogo ya aibu tu.

Jambo la pili: bei isiwe shida ya baadaye isiyo na jina. "Kuna mtu atakukasirikia" haina uzito. "Mlinzi mlangoni ameiona pete yako" ina uzito.

#13 Kasha_la_Ramani

Nina wasiwasi na kitu kimoja katika yote haya. Warloki mmoja, mfadhili mmoja, mjumbe, mdai, ishara... wengine watatu mezani wanafanya nini? Nionavyo mimi, mfumo huu unamfanya warloki kuwa nyota wa kampeni.

#14 Taa_ya_Mlinzi

Wasiwasi wa haki. 13th Age (2013) ilikabili jambo hilo kwa kuwapa wote. Dunia ina vigogo 13, na kila mhusika anaanza na pointi 3 za uhusiano nao: mzuri, mbaya au wa utata. Unarusha d6 kwa kila pointi. Ikitoka 6 kuna faida, ikitoka 5 kuna faida yenye mtego. Kwa mtu mmoja mwenye dadu 3, uwezekano wa kupata angalau 5 au 6 moja ni asilimia 70 hivi.

Tatizo linahamia upande wa msimamizi. Wachezaji 5 ni dadu 15, kwa wastani matokeo 5 kila kikao, na kuyaingiza yote ndani ya saa tatu ni kazi isiyowezekana bila kulazimisha. Rusheni mwisho wa kikao ili msimamizi awe na siku kadhaa za kufikiri, na atumie mawili au matatu tu, mengine yabaki akiba ya mchezaji.

#15 Dadu_Nyeusi

Kwa D&D nashauri njia nyepesi zaidi. Mfadhili asiwe na safari yake. Anachotaka kiwe pembeni ya njia ambayo kundi limeshaichagua. Kundi linakwenda kuiba ramani hekaluni? Bibi wa Kisima anataka taa ya hekalu izimwe kwa pumzi moja. Tukio la mfadhili lisizidi dakika 10 kwa kikao, na mjumbe azungumze mbele ya wote, si kwa karatasi ya siri. Siri ndefu kati ya watu wawili inawanyima wengine nafasi ya kusaidia, na kusaidia kulipa deni la mwenzako ni mchezo mtamu kweli.

Kwa kanuni za 2024 kuna nafasi nzuri ya kulianza deni polepole: mfadhili rasmi anachaguliwa ngazi ya 3, lakini vipawa vinaanza ngazi ya 1. Zile ngazi mbili za mwanzo mhusika anakopa bila kujua mwenye mali. Andika mistari ya 1 hadi 3 ngazi ya kwanza, uiache ya 4 na 5 wazi. Mwenye mali ajitokeze ngazi ya 3 na karatasi iliyobaki. Na ngazi ya 9 warloki anapata njia ya kuongea na mfadhili moja kwa moja, mara moja kwa kila mapumziko marefu. Usimjibu kwa mafumbo hapo. Amefika ngazi ya 9, anastahili kuambiwa anadaiwa nini hasa na kimebaki kiasi gani.

#16 Mizani_Kavu

Kabla ya mistari mitano, mstari wa sifuri: mchezaji aseme ni malipo ya aina gani hataki kuyaona kabisa. Watoto, miili, familia, dini, chochote. Msimamizi asiulize kwa nini, aandike tu. Mkataba wa kuogofya unanoga pale tu anayeuigiza anapojua ukuta uko wapi.

#17 Kasha_la_Ramani

Nimeridhika. Swali la mwisho: kundi likaamua kumuua mfadhili ili deni liishe?

#18 Nasaba_ya_Kete

Waruhusu, ni lengo zuri la kampeni. Mliamue mapema, kwenye mstari wa nne, kwa maneno ya wazi: deni linakufa naye, au linarithiwa. Likifa naye, warloki abaki na nguvu zote alizonazo, ila duara liondoke pamoja na haki ya kukopa zaidi. Likirithiwa, mrithi awe mtu kundi limeshamwona angalau mara mbili kabla ya hapo. Mpeni duara jipya la vipande 4 badala ya 6. Mrithi hana subira ya marehemu, na majina yote yaliyonong'onwa kisimani anayo.